Kabla hujaniambia "nipe oili", fungua boneti

Dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Mama, nipe oili nzuri." Nikiuliza ya gari gani, naambiwa ya gari dogo. Nikiuliza injini gani, mteja ananyamaza. Filta je? "Yoyote itakayoingia." Nauza spea mwaka wa 17 huu, na nimeona injini nzima zikishushwa na kuuzwa chuma chakavu kwa sababu ya maneno hayo mawili, nzuri na yoyote. Oili haina uzuri wa peke yake. Inakuwa nzuri kwa injini fulani, yenye umri fulani, iliyotunzwa namna fulani. Kwa hiyo kabla hujaja dukani, kwangu au kwa mwingine, naomba ufanye kazi ya dakika kumi nyumbani, asubuhi, gari likiwa bado limepoa.

Fungua boneti, utafute kifuniko cha kutilia oili, kile cha juu ya injini chenye mchoro wa kibirika kinachodondosha tone. Toyota nyingi zinazotoka Japani zimeandikwa palepale juu ya kifuniko: 5W-30, au kwa zile za karibuni kidogo, 0W-20. Hayo ni maneno ya aliyeiunda injini. Piga picha kwa simu. Kisha fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake, urudi tena chini ya boneti: mara nyingi utakuta stika ndogo ya sevisi iliyobandikwa huko ilikotoka. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Mwaka wao huhesabiwa kwa enzi ya mfalme: R5 ni 2023, maana enzi ya Reiwa ilianza 2019, na H29 ni 2017. Karibu na tarehe utaona kilomita. Kuna mwalimu mmoja kutoka Muheza alikuja na Toyota Spacio, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Tulipofungua boneti pamoja, stika ikasema oili ilibadilishwa likiwa na 112,000, miaka mitatu nyuma. Maskini, aliinama akaisoma mara mbili. Lakini stika ile ilimsaidia, kwa sababu alikuwa anataka kununua oili ya injini changa, na injini aliyokuwa nayo haikuwa changa.

Sasa chomoa stiki ya oili. Gari liwe limesimama mahali pa tambarare. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Oili nyeusi peke yake isikutie hofu, kwani oili inayosafisha injini lazima ichafuke. Mimi huogopa nikiona rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki, maana hapo maji ya rejeta yameshaingia kwenye oili. Usinunue kitu, nenda kwa fundi akakague gasketi ya silinda hedi. (Ule utando mdogo mweupe chini ya kifuniko wakati wa masika, kwa gari linalotembea safari fupi fupi tu, ni jambo jingine, huo ni unyevu.) Huogopa pia harufu kali ya petroli. Na huogopa tope. Mulika tochi ya simu ndani ya tundu la kutilia oili: ukiona chuma chenye rangi ya asali, aliyekuwa nalo kabla yako alilitunza. Ukiona utando mweusi ulioganda kama masizi ya sufuria ya kuni, injini hiyo ilicheleweshewa oili kwa miaka.

Ukikuta tope, kuna mtu atakushauri utie dawa ya kusafisha injini na kumwaga oili siku hiyo hiyo. Mimi simuuzii mtu dawa hiyo kwa injini ya namna hii. Tope likibanduka kwa mkupuo huenda kuziba chujio la chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), pale pampu inapovutia oili, na injini hubaki kavu huku oili imejaa. Afadhali utie oili safi ya kawaida yenye daraja zuri, uimwage baada ya kilomita 2,000 pamoja na filta, urudie hivyo mara mbili au tatu. Tope litaondoka kidogo kidogo.

Kitu cha mwisho cha kutazama nyumbani ni moshi. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, uwashe. Moshi wa bluu unaotoka dakika ya kwanza kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zimechoka. Ukiendelea kutoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea upesi ni maji tu.

Hapo una majibu ya kuniletea. Lakini kabla hatujafika kwenye rafu, niseme jambo linaloniuma.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya shamba la mkonge. Alihudumia malori ya Bedford, Land Rover na matrekta, na kwake oili ilikuwa moja tu: namba 40, ile nzito, kutoka kwenye pipa. Alikuwa sahihi. Injini zile zilikuwa na nafasi pana kati ya beringi na krenki, zilizunguka polepole, na oili nyepesi ingetoroka bila kuacha utando wa kutosha. Vijana aliowafundisha wakafungua gereji zao, nao wakafundisha wengine, na ile namba 40 ikarithiwa mpaka ikafika kwenye Toyota IST. Leo ukikutana na fundi wa makamo hapa Tanga akakwambia "kwetu joto, weka nzito", jua kwamba ushauri huo umetoka shambani kwenye mkonge, na ulitolewa kwa injini nyingine.

Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST, Probox na Spacio nyingi ina cheni ya taimingi inayokazwa kwa presha ya oili. Ina VVT-i, mtambo wa kusogeza muda wa valvu, nao unasukumwa na oili hiyo hiyo ikipita kwenye vitundu vyembamba. Ukiitilia 20W-50, ambayo ni oili nzito, asubuhi oili inachelewa kufika juu. Unasikia mkwaruzo wa sekunde chache kisha unanyamaza, na wewe unaona mambo yako sawa. Kila siku cheni inaliwa kidogo.

Na hoja ya joto haisimami. Kazi ya thamostati ni kuhakikisha maji ya injini yanabaki kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90, na oili ikishapata moto inakaribia 100, uwe Tanga au Tokyo. Jua la Februari la Raskazone halizidishi sana hapo ikiwa rejeta ni nzima. Ila sisi tuna tabia ya kung'oa thamostati "ili injini ipoe". Ukiing'oa, injini haifikii joto lake, oili inabaki nzito kuliko ilivyokusudiwa, unyevu haukauki. Mtu anayeng'oa thamostati kisha akatia 20W-50 ameibebesha injini mzigo mara mbili. Tafadhali, irudishe kwanza hiyo thamostati.

Tuje kwenye namba. Kwenye 5W-30, W ni ya majira ya baridi, na tarakimu inayoitangulia, hapa 5, inaeleza oili inavyojimudu kwenye baridi kali. Oili ya 5W hupimwa ikiwasha injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Lushoto mwezi wa Julai hatufiki huko. Kwa hiyo kwetu 0W au 5W si jambo la kugombana, ingawa iliyo ndogo bado hupanda juu ya injini haraka zaidi asubuhi. Tarakimu ya nyuma ndiyo ya kuitazama: 20, 30, 40, 50 ni uzito wa oili ikiwa imeshapata moto, yaani wakati wote unaoendesha.

Halafu kuna herufi, na hapa ndipo wateja wengi hupitwa. Geuza galoni utafute neno API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Ikifuatwa na S ni ya petroli, ikifuatwa na C ni ya dizeli. Herufi ya pili inaonyesha kizazi: SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Daraja la karibuni zaidi hufaa pia kwa gari lililoundwa kabla yake. Bado zipo galoni madukani zilizoandikwa SF, daraja lililokusudiwa magari ya kabla ya 1989. Nazo hazijaghushiwa. Ni oili halali ya daraja la zamani, bei yake ndogo, na mtu anaitia kwenye gari la 2005 akidhani amepata nafuu. Kwa gari lolote la mtumba ninalouzia siku hizi, sishuki chini ya SL, na nikipata SN au SP natoa hiyo.

Sasa nachaguaje? Kama kifuniko kinasema 5W-30, moshi hakuna, oili haipungui, chukua 5W-30 bila kujali kwamba gari lina miaka 20. Kama kinasema 0W-20 na hukuipata, 5W-30 itakufaa, ila matumizi ya petroli yataongezeka kidogo tu. Kama injini imetembea sana, tuseme zaidi ya kilomita 150,000, na oili inapungua, pima kwanza inapungua kiasi gani. Jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha uone umeongeza kiasi gani. Toyota wenyewe katika vitabu vyao huweka kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Mimi huanza kuhangaika nusu lita. Probox yangu ya 2006 niliipa 5W-30 miaka yote, mpaka ilipoanza kupoteza robo lita nikaihamishia 5W-40, na ikatulia. 10W-40 pia ingefaa. Nimepanda hatua moja tu. Sikurukia 50, kwa sababu nilitaka oili isiungue, na pia nilitaka VVT-i iendelee kufanya kazi.

Injini inayotoa moshi wa bluu mchana kutwa ni suala la ringi, na oili nzito itauficha moshi huo kwa wiki chache. Wanaouza magari wanalijua hilo. Ukienda kununua gari la mkononi kwa mtu na ukakuta oili nzito kama uji kwenye IST, muulize kwa nini.

Zile 20W-50 na 15W-40 bado nina rafu yake. Ni za Land Rover za zamani, Corolla za kabureta, na Hiace za dizeli zenye injini ya 3L au 5L. Kwa dizeli tafuta CH-4 au CI-4. Ikiwa dizeli yako ni ya kisasa, yenye chujio la moshi kwenye ekzosi, omba oili yenye alama ya JASO (viwango vya Kijapani) DL-1, kwa sababu oili ya kawaida huacha majivu yanayoziba chujio lile. Na wewe wa bodaboda, oili ya gari usiitie kwenye pikipiki, kluchi yako imelowa ndani ya oili hiyo hiyo. Omba yenye JASO MA.

Sinthetiki, ile iliyoundwa kwa kemia kiwandani, au ya kawaida? Sinthetiki hustahimili joto na hudumu zaidi, nami naipenda kwa anayepanda Lushoto au Amani mara kwa mara na mzigo. Lakini kwa gari la mtumba ulilolinunua juzi usilolijua historia yake, nunua ya kawaida yenye daraja zuri, uibadilishe mapema. Oili ya kawaida ikibadilishwa kila kilomita 5,000 inamzidi kwa mbali anayetia sinthetiki ghali na kuisahau kwa 15,000. Sinthetiki yenyewe, kwa safari zetu za Sahare hadi sokoni na kurudi na vumbi la Pongwe, mimi sivuki 7,000.

Filta nina maneno nayo zaidi, kwa sababu niliwahi kuuza mbovu bila kujua.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katoni ya filta kwa muuzaji wa jumla. Maboksi mazuri, rangi sawa, namba sawa. Baada ya wiki mbili akarudi dereva teksi, mtu mzima, mpole, akaniambia, "Mwanangu, tangu nibadilishe filta gari linapiga kelele asubuhi." Nilimpa nyingine kutoka katoni ileile, kelele ikabaki. Jioni nikachukua msumeno wa chuma nikaikata filta moja katikati. Karatasi ya kuchujia ilikuwa na mikunjo michache iliyokaa upande mmoja, upande wa pili wazi. Ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi chini injini inapozimwa ulikuwa mgumu kama plastiki. Kwa hiyo kila usiku oili ilishuka yote kwenye sampo na kila asubuhi injini iliwaka ikiwa kavu. Nilikata na za kampuni ya gari ili nilinganishe: mikunjo imejaa mzunguko mzima kwa nafasi sawa, mpira laini, springi ya valvu ya dharura imekaa imara. Niliwapigia simu wote niliowakumbuka. Katoni iliyobaki niliiponda kwa nyundo. Tangu siku hiyo kila katoni inayoingia nakata moja, na nusu zake naziweka juu ya kaunta ili mteja aone.

Wewe huwezi kukata ya kununua, lakini angalia hivi. Kwenye uso wa filta kuna vitundu vidogo vilivyozunguka tundu kubwa la katikati. Chungulia humo utaona mpira. Usukume taratibu kwa kijiti safi: uwe laini na urudi mahali pake. Gasketi ya nje ikae sawasawa kwenye mfereji wake. Uzi wa ndani uwe umekatwa safi, bila vipande vya chuma.

Uzi huo ndio sababu nachukia neno "itakayoingia". Filta nyingi ndogo za Toyota zina uzi wa robo tatu ya inchi, za Nissan na Subaru nyingi ni milimita 20. Tofauti haifiki milimita moja. Filta ya Nissan itazunguka kwenye Toyota, utaikaza, itakaa, kisha siku moja presha ikipanda inaweza kuchomoka na oili yote kumwagika barabarani ndani ya dakika moja. Kwa hiyo njoo na filta yako ya zamani au na namba. Filta za kopo za Toyota namba zake huanza na 90915, kwa 1NZ omba 90915-10001. Allion, Premio, Noah na Voxy za kuanzia 2007 zenye injini za ZR hazitumii kopo, zinatumia karatasi inayokaa ndani ya kikombe, na namba zake huanza na 04152. Kwa hizo hakikisha boksi lina oringi mpya na fundi anaivalisha. Kikombe chenyewe kimeandikwa nguvu ya kukazia, 25 N·m. Akikikaza kwa kuning'inia kwenye spana, atakipasua.

Ya kopo hukazwa kwa mkono. Paka gasketi oili kidogo, izungushe mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kabla ya hapo pitisha kidole pale ilipotoka ya zamani, kwa maana gasketi kuukuu hupenda kubaki imeng'ang'ania. Zikikaa mbili, oili itavuja tu.

Kuhusu galoni za kughushi: nunua penye risiti, angalia pete ya kifuniko haijawahi kukatika, alama ya TBS (Shirika la Viwango) ipo, na namba ya toleo imechapwa kwenye galoni lenyewe. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina, kwa injini ya petroli ya kisasa, iache. Na galoni lako likiisha, litoboe. Wapo wanaopita mitaani kununua galoni tupu zenye vifuniko vizima, na hawaendi kuwekea maji ya kunywa. Ukiuziwa ya kughushi, tunza risiti na galoni uripoti Tume ya Ushindani, FCC.

Kipimo nacho kina makosa yake. 1NZ pamoja na filta inachukua lita 3.7. Passo na Vitz za lita 1 kama lita 3 hivi. Injini za ZR zinataka lita 4.2, kwa hiyo galoni moja halitoshi. Mafundi wengi humimina galoni zima la lita 4 kwenye kila gari dogo, na Passo inabaki imejaa kupita kiasi. Krenki inapiga oili, inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Simama hapo fundi anapomimina. Atie lita 3 kwanza, awashe, taa nyekundu ya oili izimike, azime, msubiri dakika tano, asome stiki, ndipo aongeze taratibu. Oili chafu iingie kwenye dumu. Isimwagwe mtaroni, mtaro wetu unaishia baharini. Wenye nguzo za uzio huja kuiomba wenyewe, wazipake dhidi ya mchwa.

Kwa IST yako itabaki kama robo lita na zaidi kidogo kwenye galoni. Funga kifuniko vizuri, andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito tarehe, kilomita, na namba ya filta, ulifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulisimamishe kwenye kona ya buti karibu na jeki. Hilo ndilo la kuongezea, na ndilo utakaloniletea mara ijayo.